Gari linavuma nikivuta boti, nikitoa tela kimya kabisa. Ni difu?

Nanga_Kavu

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada kabla sijafungua kitu kisicho na kosa.

Nina pikapu ya dizeli, gia za mkono, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Huu ni mwaka wa sita niko nayo, na sauti zake nazijua kama ninavyowajua wanaokoroma nyumbani kwangu. Miezi minne iliyopita nikanunua boti ndogo ya faiba, mita 4.5, mkononi mwa mtu, pamoja na tela lake la ekseli moja lenye tairi za inchi 13. Injini ya boti ni ya farasi 40. Ukijumlisha boti, injini, tangi la mafuta na tela lenyewe, mzigo wote hauzidi kilo 700. Kwa gari hili huo si mzigo wa kulalamikia.

Shida ni mvumo. Nikifika 50 kunaanza kitu chini kwa chini, nguuuu, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Kadiri ninavyoongeza mwendo nacho kinapanda sauti. Halafu nikivuka 70 juu yake linakuja jingine zito, vuuuuu, mpaka kiti kinatetemeka na nikitazama kioo cha katikati boti naiona mbilimbili. Nikipunguza hilo la pili linakatika ghafla, kama mtu kazima swichi.

Nikiacha tela nyumbani, gari kimya. Nimelikimbiza mpaka 110, hakuna kitu.

Tulichofanya mpaka sasa: fundi wangu amemwaga oili ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma), imetoka safi, na sumaku ya kwenye nati ina uji mwembamba tu wa kawaida, hakuna vipande. Tairi za nyuma nimezipeleka mbele, hakuna tofauti. Eksozi tumeitikisa mpaka tukachoka. Shemeji yangu, ambaye kila safari anakaa kiti cha pembeni na ana masikio ya popo, anaapa kwamba ni difu. Hoja yake: difu bila mzigo linanyamaza, likibebeshwa ndipo linaposema ukweli. Sina la kumjibu, maana mzigo ukiondoka na kelele zinaondoka.

Kuna na "koh!" moja ninapoondoka, na nyingine nikikanyaga breki. Hiyo ni ndogo, nadhani ni kawaida ya matela, siihesabu.

Oili_Nyeusi

Shemeji yako yuko sahihi mkuu. Difu hilo, beringi za pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu. Oili kuwa safi si ushahidi. Jiandae tu.

Mama_Spana

Nanga_Kavu, usifungue difu. Oili_Nyeusi, mwanangu, kila mwezi unafungulia watu madifu humu ndani.

Kwanza umeandika "mvumo" kama kitu kimoja, halafu hapo hapo umeeleza viwili: kimoja kinaanza 50 na kupanda na mwendo, kingine kinaingia 70 na kukatika kama swichi. Hivyo si ndugu. Kitu kinachozunguka hakikatiki kama swichi, kinashuka taratibu na mwendo.

Nataka urudi barabarani, iliyonyooka na isiyo na msongamano, shemeji awe na kalamu. Ukiwa 80 mguu ukiwa kwenye mafuta, uachie kidogo gari lijiendee, kisha ukanyage tena, mwendo ukiwa karibu ule ule. Sikiliza kama sauti inabadilika rangi. Meno ya difu yana nyuso mbili: ukivuta yanasukumana kwa uso mmoja, ukiachia yanasukumana kwa uso wa pili. Difu bovu mara nyingi linalia upande mmoja na kunyamaza au kubadilisha wimbo upande wa pili. Sauti isiyojali mguu wako uko wapi, kuna uwezekano mkubwa haitoki humo.

Pili, ukiwa mwendo huo huo kanyaga klachi, injini ishuke mpaka mizunguko ya kusimama. Ikibaki ile ile, injini, feni, turbo na eksozi vyote umevitoa kwenye orodha kwa sekunde tano. Usizime ufunguo kufanya jaribio hili! Nimeshaona mtu akifanya hivyo. Usukani unaweza kujifunga, na msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu.

Tatu, tafuta lori lenye bodi refu, kaa nyuma yake kwa umbali salama, kwa mwendo ule ule unaoleta kelele, kisha mpite. Niambie kilichotokea.

Nne, kona. Si kali, zile ndefu. Kushoto na kulia, nini kinapanda na nini kinashuka.

Na hiyo "koh" ambayo huihesabu, mimi naihesabu. Nitairudia.

Kilomita_Mia

Naongezea mkuu: angalia umri wa tairi za tela. Pembeni kuna namba nne za mwisho kwenye kile kifungu kinachoanza na DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014. Tairi za tela la boti huwa zinakufa kwa uzee, si kwa kutembea. Meno yote yapo lakini nyuzi za ndani zimeachana. Yangu ilianza dup-dup-dup kama mtu anabisha mlango, nikaipapasa nikakuta kitumbo juu ya meno. Ilipasuka siku hiyo hiyo nikiwa naitafutia pa kusimama.

Njia nyingine rahisi, mpandishe shemeji ndani ya boti asikilize akiwa karibu na magurudumu.

Mama_Spana

Hapana. Hakuna mtu anayepanda boti ikiwa juu ya tela linalotembea, hata kwa mita hamsini. Kama unataka sikio la karibu, chukua simu ya zamani, washa kinasa sauti, izungushie kitambaa uifunge kwa mkanda wa gundi kwenye fremu ya tela, nusu safari upande wa kushoto na nusu upande wa kulia. Shemeji anahitajika akiwa mzima.

La tairi uko sahihi.

Nanga_Kavu

Shikamoo Mama Spana, na asante. Tumetoka jana asubuhi. Majibu, kama shemeji alivyoyaandika kwa herufi zake za daktari:

Mguu kwenye mafuta au nje, hakuna kilichobadilika. Shemeji ameandika "hakuna tofauti KUBWA", hilo KUBWA ni la kuokoa heshima.

Klachi: sauti zote mbili zimebaki kama zilivyo.

Lori: hapa nilipigwa na butwaa. Tumekaa nyuma ya lori la bodi mwendo wa 80, lile vuuuu zito likafa. Kabisa. Nguuuu ya chini ikabaki peke yake, safi, ikasikika vizuri kuliko siku zote. Nilipotoka kumpita, boti ilipotokeza tu kwenye upepo, vuuuu ikarudi.

Kona: kona ndefu ya kulia nguuuu inapanda, inakuwa kama inasaga. Kona ya kushoto inapungua karibu kupotea. Vuuuu haijali kona.

Tairi za tela namba zinasema zina miaka mitatu, hazina vitumbo.

Mama_Spana

Marahaba. Umefanya kazi nzuri, na shemeji pia.

Lile zito ni mkanda. Boti yako imefungwa kwa ule mkanda mpana unaopita juu, kutoka fremu ya kushoto hadi ya kulia, na umeulaza bapa vizuri kabisa kama pasi imepita. Utotoni uliwahi kubana jani la nyasi kati ya vidole gumba viwili ukalipuliza? Ndiyo hiyo. Mkanda bapa uliovutwa ukikutana na upepo wa kutosha unaanza kupigapiga haraka sana, faiba ya boti inakuwa ngoma, fremu inaupeleka mtikisiko kwenye gari, na wewe unasikia chini ya kiti chako ukadhani ni difu. Ndiyo maana unaanza ghafla na kukatika ghafla, na ndiyo maana lori lilipokukinga upepo ulinyamaza.

Dawa: fungua mkanda upande mmoja, uzungushe mara moja au mbili pale ulipo hewani kisha ufunge tena. Sehemu inayogusa boti ibaki bapa isikate faiba. Hakuna spana.

Ile ndogo ndiyo yenye kazi. Kona ya kulia uzito unalalia upande wa kushoto. Sauti inapanda ukielekea kulia, basi anayelalamika ni gurudumu la kushoto. La gari au la tela? Gari peke yake halilii, kwa hiyo anza na tela. Safiri kilomita 15 au 20, simama taratibu bila breki nyingi, halafu mgongo wa kiganja ukaribishe kwenye habu, yaani kile kikombe cha chuma katikati ya gurudumu kinachobeba beringi. Anza kwa kukaribia, usibandike, maana ikiwa mbaya itakuunguza. Uvuguvugu ni sawa. Zilinganishe mbili, hazitakiwi kutofautiana sana.

Kisha jeki. Tela likiwa limeungwa na gari, handibreki ya gari juu, gurudumu la upande wa pili limewekewa kigingi, na chini ya ekseli uweke stendi, jeki peke yake haitoshi. Shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Halafu weka mkono mmoja kwenye springi na mwingine uzungushe gurudumu. Springi ni kama kipimo cha daktari, itakuletea mkononi kila kokoto iliyo ndani.

Nanga_Kavu

Mama, nimeuzungusha mkanda mara mbili. Vuuuu imekufa! Miezi minne nimekaa na fundi chini ya gari na kosa lilikuwa kwenye kipande cha kitambaa.

Habu ya kulia vuguvugu. Ya kushoto sikuifikia, mkono uliona joto ukiwa bado umbali wa upana wa kidole. Kwenye jeki gurudumu lilicheza kidogo juu na chini, na nilipoweka mkono kwenye springi nikazungusha nilihisi kama mtu anasaga mchanga kwenye kinu. La kulia lilizunguka kimya.

Nikafungua. Kofia ya vumbi ilipotoka, grisi iliyotakiwa kuwa nyekundu ilikuwa nyeupe-kijivu, laini kama losheni, na nyuma yake likafuata tone la maji. Beringi ya nje inaonekana nzima kwa macho. Ya ndani roli zake zina vidoa vyeusi na bakuli lake (ile pete ya chuma ambayo roli zinazunguka ndani yake) lina michubuko, kucha inakwama ukiipitisha. Ile sili ya nyuma, pete ya kuzuia maji yasiingie, mdomo wake umekuwa mgumu kama plastiki.

Maswali: nibadilishe ya ndani tu? Na maji yameingiaje, wakati mwenye boti wa zamani aliniambia alitia grisi muda mfupi kabla ya kuniuzia?

Mama_Spana

Maji huwa unayaalika mwenyewe. Umeendesha saa nzima, habu ina moto, hewa iliyo ndani imepanuka. Unafika, unageuza, unarudisha tela majini papo hapo. Chuma kinapoa kwa dakika, hewa ya ndani inasinyaa, habu inavuta kama mtu anayenyonya kwa mrija. Sili ikiwa changa inazuia. Ikiwa ngumu kama yako, maji yanapita pembeni ya mdomo wake na kubaki ndani kupigana na grisi. Ukifika ufukweni toa kamba, pakia vifaa, piga soga, ukaguse habu, ikipoa ndipo uingie.

Na anayesema ametia grisi, muulize ametiaje. Wengi wanafungua kofia, wanabandika bonge la grisi mbele kama kitumbua na kufunga. Hiyo haifiki beringi ya ndani. Ulichokula wewe ni kitumbua.

Usibadilishe ya ndani tu. Badilisha za gurudumu lote, ya ndani na ya nje, pamoja na mabakuli yake na sili mpya. Roli mpya kwenye bakuli la zamani zitalilia mashimo yale yale. Namba zimechongwa kwenye beringi yenyewe; nenda nazo mkononi, usiende na jina la tela, kwa sababu matela yanabadilishiwa ekseli na hakuna anayeandika popote. Pima na uso wa ekseli pale sili inapokaa: kukiwa na mtaro wa kutu, sili mpya itakufa mapema, upitishie msasa mwembamba sana mpaka kucha isikwame.

Bakuli la zamani unaligonga kutoka upande wa pili, kidogo huku kidogo kule, lisiingie upande. Bakuli jipya lisukume kwa kutumia lile la zamani juu yake kama kisukumio, mpaka mlio wa nyundo ubadilike, kutoka kwenye mlio wa wazi hadi ule mzito wa kitu kilichofika mwisho. Hapo masikio yako yatakusaidia kuliko macho.

Grisi: safisha yote ya zamani, usichanganye, maana aina nyingine zikikutana zinakuwa maji. Tumia ile ya majini. Weka bonge kiganjani, chukua beringi upande wake mpana uikandamize ukingoni mwa bonge mpaka grisi itokeze upande wa pili kati ya roli, zungusha, rudia, duara zima. Kazi ya uchafu, haina njia ya mkato.

Kukaza ndiko wengi wanakoharibu. Zungusha gurudumu huku unakaza nati mpaka uhisi uzito, ili kila kitu kikae mahali pake. Kisha ilegeze, uirudishe kwa vidole tu, bila spana, halafu urudi nyuma kidogo mpaka tundu la pini lionekane. Pini mpya, si ile ya zamani uliyoinyoosha. Ukikaza kama unakaza nati za tairi, kilomita thelathini nyingi.

Fungua na la kulia pia. Najua halilii. Limeogelea pamoja na la kushoto.

Sasa "koh". Nenda kwenye ule mpira wa chuma wa gari ambao tela linaukalia. Juu yake au shingoni pamechongwa ukubwa. Kisha soma juu ya kichwa cha tela, nacho kimechongwa. Niandikie namba zote mbili kama zilivyo, usizikadirie.

Nanga_Kavu

Kichwa cha tela kimeandikwa 50. Mpira umeandikwa 1-7/8.

Mama_Spana

Usilivute tena tela hilo mpaka ubadilishe mpira. Nazungumza kwa upole lakini sitanii.

Inchi 1 na 7/8 ni milimita 47.6. Kichwa chako kinataka 50. Umetembea miezi minne na milimita mbili na nusu za uwazi, na kila ulipoondoka na kila uliposhika breki mpira ulikuwa unakwenda mbele na nyuma ndani ya kichwa ukigonga. Hiyo ndiyo "koh" yako. Kwenye shimo moja baya kichwa kinaruka juu ya mpira, na minyororo ya usalama ndiyo inabaki kushikilia kilo 700. Minyororo unayo? Imepishana chini kwa umbo la X?

Beringi ililia wiki nyingi kabla ya kukudhuru. Hii isingelia zaidi ya hapo.

Oili_Nyeusi

Hapo kwenye mpira hata mimi nimejifunza. Nimetoka nje usiku huu na tochi kusoma wangu.

Nanga_Kavu

Mrejesho wa mwisho wakuu.

Mpira wa 50 umefungwa. Mama Spana alinipa jaribio kwenye ujumbe binafsi nami naliweka hapa: ukishafunga kichwa, zungusha lile gurudumu dogo la mbele la tela kama unalipandisha. Nyuma ya gari inatakiwa kuinuka pamoja na tela. Nilipojaribu na mpira wa zamani kabla ya kuutoa, kichwa kiliinuka kwanza, kikaning'inia, ndipo gari likafuata. Niliona mwanga kati ya vyuma viwili. Nilikaa chini kidogo. Minyororo ninayo, ila ilikuwa imenyooka sambamba, sasa imepishana.

Beringi za pande zote mbili ni mpya. La kulia, lisilolia, nalo lilikuwa na ile losheni, kidogo. Bakuli la kwanza niliingiza upande, likanichukua saa nzima kulitoa, la pili nikasikia ule mlio unabadilika kama ulivyosema. Pia tulipima uzito unaokalia mpira kwa mzani wa kupimia watu, tela likiwa limelala sawa: kilo 41. Tumesogeza tangi la mafuta na nanga mbele, imefika 68, karibu sehemu ya kumi ya mzigo. Ule mchezo wa mkia, tela kuyumba huku na huku, niliokuwa nausingizia upepo umeisha.

Leo tumekwenda kilomita 60. Habu zote mbili vuguvugu sawasawa. Gari kimya kiasi kwamba tukaanza kusikia tiki-tiki-tiki mpya kabisa nyuma. Nikasimama na roho mkononi. Ni propela ya injini ya boti, upepo unaizungusha. Shemeji akaifunga kwa kamba ya kiatu chake.

Tukaendelea. Kama dakika kumi hakuna aliyesema kitu. Halafu akainamisha kichwa, akafumba macho, akasema, "Lakini hilo difu…"